Ng'ombe Watatu wa Bi Sechelela na Fomula Yangu

Wiki iliyopita nilipita ofisini kwetu kwa zamani, idara ya mifugo, kuulizia barua yangu, nikamkuta mmoja wenu ameinamia kompyuta, kidole cha mkono wa kushoto kiko kwenye kioo, mkono wa kulia unabonyeza namba. Simtaji jina, anajijua. Alikuwa anasoma seli iliyoandikwa "mbuzi 32 na kondoo 7", kisha anaandika 32 kwenye safu ya pembeni, halafu anashuka mstari wa chini. Nikamuuliza iko mistari mingapi. Akasema, "Mia nane na kitu, mama." Nikamuuliza ameanza lini. Akasema juzi. Nilicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia dirishani.

Nilivuta kiti nikaketi. Nikamwambia: hebu tazama, kila seli inaanza na neno moja, halafu nafasi, halafu namba. FIND inakutafutia hiyo nafasi iko wapi. MID inaanza kukata pale utakapoiambia. Nikaandika =MID(B2,FIND(" ",B2)+1,2), nikaizungushia VALUE ili kilichokatwa kiwe namba kweli, nikaiburuta mpaka chini. Siku mbili za kazi zikaisha kabla chai haijapoa, naye akaniangalia kwa macho ya kunisujudia, na mimi kwa kweli nikavimba kichwa.

Kikapasuka dakika hiyo hiyo. Nikamwambia achague mistari kumi ovyo ovyo aisome kwa macho yake. Mstari wa sita ulikuwa na "mbuzi 120". Fomula yangu niliyoiamuru ikate tarakimu mbili ilikuwa imeandika 12. Mbuzi mia moja na nane wa mtu wamemezwa, na fomula imekaa kimya kabisa, haijacheua hata mmoja.

Basi jioni nikarudi nyumbani Hombolo kwenye mizabibu yangu, nikawa nakata matawi huku nawafikiria. Ninyi mnajua mengi kuliko sisi. Siku hizi mnaiuliza mashine kwa Kiswahili cha kawaida nayo inawaandikia fomula ndefu kama kamba ya kisima. Mimi sina wivu. Ila kuna jambo moja kuhusu namba zilizojificha ndani ya maneno ambalo nililipata kwa aibu, mbele ya watu, juani, na ningependa ninyi mlipate mkiwa mmekaa.

Kwanza niwaambie nilikotoka. Niliingia kazini nikiwa mpiga chapa. Taipureta yetu ya kwanza haikuwa na kitufe cha moja. Nawaapia. Ukitaka kuandika moja unabonyeza herufi ndogo ya l, na mtu akisoma anaona moja. Vidole vyetu vikazoea. Zilipokuja kompyuta tukaendelea vile vile, na miaka mingi baadaye nikawa na jedwali la ng'ombe ambalo halikubali kujumlishwa. Nilikagua asubuhi nzima. Mwisho nikagundua kwamba "l4" ya mstari wa tisini niliiandika mimi mwenyewe, kwa kidole changu cha taipureta. Ndiyo maana nawaambia mtazame upande ambao namba imelala. Usipoigusa mipangilio, namba ya kweli inalala kulia kwa seli. Ikilala kushoto hayo ni maandishi yaliyovaa nguo za namba, na ukijumlisha itarukwa bila hodi.

Na ile nafasi isiyokatika je? Mtendaji wa kijiji anakutumia orodha kwa ujumbe wa simu, unainakili, unaibandika, TRIM, ile ya kufuta nafasi za ziada, inapita juu yake na haioni kitu. Hiyo ni nafasi ya aina nyingine, inaitwa CHAR(160), nayo unaifuta kwa SUBSTITUTE tu. Mimi ilinichukua mwezi mzima kuijua. Wewe imekuchukua mstari mmoja, na wala hujaninunulia soda.

Sasa niwaambie kuhusu Bwana Salumu. Huyu alikuwa afisa mifugo wetu, mtu wa Kondoa, kanzu nyeupe kila Ijumaa na kalamu tatu mfukoni ambazo hakuwahi kumwazima mtu. Hakuipenda kompyuta, lakini aliwajua ng'ombe wa wilaya nzima kama unavyowajua majirani zako. Aliniita "mama wa jedwali". Mimi nilimwita Bwana Salumu, basi.

Mwaka huo homa ya mapafu ya ng'ombe ilikuwa imeshapiga kata ya jirani. Nyie mliozaliwa mjini hamjui ugonjwa huo unavyofanana. Ng'ombe anasimama ametanua miguu ya mbele, shingo ameinyoosha, anahema kama mtu aliyekimbia, na baada ya siku kadhaa unachuna ngozi. Chanjo ilikuwa imepatikana, lakini haba, ya kugawana kwa kipimo, na shehena nyingine haikutarajiwa kabla ya wiki nyingi. Kwa hiyo tulihitaji idadi ya ng'ombe wa kila kaya, kijiji kwa kijiji, ili tugawe chupa. Watendaji wakaleta orodha. Kwenye safu ya idadi kila mmoja aliandika alivyoona yeye. Wapo walioandika namba tupu. Wapo walioandika "14 wake, 6 wa mjomba, ndama 5".

Jaribio langu la kwanza lilikuwa fomula niliyoiokota mtandaoni, ndefu, yenye TEXTJOIN ndani yake, inayonyonya tarakimu zote na kuacha maneno. Niliibandika bila kuielewa. Bwana Salumu akapita nyuma yangu na kikombe chake, akasimama.

"Mama wa jedwali," akasema, "huyu Mzee Chibago amekuwa na ng'ombe elfu moja mia nne sitini na tano tangu lini?"

Fomula ilikuwa imechukua 14, 6 na 5 ikazibandika pamoja.

"Ni kompyuta hiyo," nikamwambia.

"Basi mwambie kompyuta tunaenda kuposa kwake leo leo, kabla watu wengine hawajasikia."

Ofisi nzima ilicheka, na mimi nilicheka nao, ila moyoni nilikasirika. Nikasema sasa nitafanya ya uhakika. Kila seli iliyokuwa na maneno ilianza na namba, halafu nafasi. Nikaandika =VALUE(LEFT(C2,FIND(" ",C2)-1)), yaani kata kuanzia kushoto mpaka ufike kwenye nafasi ya kwanza, ulichokipata kifanye namba. Zile za namba tupu nikaziacha zilivyo. Safu ikanyooka, hakuna kosa jekundu hata moja, kila namba imelala kulia. Nikajumlisha, nikachapa, nikapeleka kwa mkuu wa idara. Aliisifu. Chupa zikagawanywa kwa karatasi yangu.

Siku ya kuchanja Bwana Salumu akanigongea meza. "Twende wote. Umewaandika, kawaone."

Tulikwenda na gari la ofisi mpaka kijiji kilicho mwisho wa barabara, ng'ambo ya korongo. Watu walikuwa wameshafika na mifugo tangu alfajiri, vumbi limesimama, ng'ombe wanalia. Bwana Salumu akavua koti akaingia kazini, ng'ombe wanapita kwenye kibanio cha miti mmoja mmoja, na mimi nikakaa kwenye kigoda na karatasi yangu, natia alama. Kabla ya saa tano nikaanza kutoelewa. Kaya ya kwanza imeandikwa nane, wanapita kumi na mmoja. Ya tatu imeandikwa tano, wanapita tisa. Nikadhani watu wanaleta ng'ombe wa majirani kwa ujanja. Nikamwambia Bwana Salumu. Akavuta ng'ombe mwingine kwenye kibanio, akachanja.

Mpaka saa sita chanjo imekwisha. Ile ya akiba nayo imekwisha. Na kwenye foleni amebaki mtu mmoja.

Alikuwa mama mjane wa makamo ya kuelekea uzeeni, kitenge kimefungwa kifuani, fimbo nyembamba mkononi, anaitwa Bi Sechelela. Nyuma yake ng'ombe tisa na ndama wawili.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba mwanangu. Zamu yetu?"

Nikamwambia chanjo imekwisha. Hakupiga kelele. Alifikiri labda hajanisikia vizuri, akageuka kumtazama Bwana Salumu, naye akainamisha kichwa. Hapo ndipo alipokaa chini, kwenye vumbi, fimbo magotini.

"Wangu ni watatu," akasema. "Hao wakifa nitalia yaishe. Hawa sita ni wa shemeji yangu, aliniwekea mume wangu alipofariki, nikamue wanangu wapate maziwa. Wakifia kwangu nitampelekea nini? Ngozi sita? Nitasimama pale mlangoni kwake na ngozi sita, niseme ni homa?"

Mnajua desturi hiyo, au waulizeni wazee wenu. Mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizi moja. Huwagawa kwa ndugu na marafiki, huyu watatu, yule sita, ili ugonjwa au ukame usimmalize kwa pigo moja. Anayetunza anakamua, na mambo yakienda vizuri siku moja anapewa ndama wa kwake. Ng'ombe akifa, anampelekea mwenyewe ngozi ili ajue hakuuzwa. Nami ni mtoto wa hapa hapa, nimekua nikinywa maziwa ya ng'ombe wasio wetu! Hayo yote nilikuwa nayajua. Lakini nilipokaa mbele ya jedwali niliyaacha nje mlangoni pamoja na viatu.

Nikafunua karatasi. Sechelela, tatu. Nikafungua kompyuta ndogo niliyokuja nayo, nikatazama safu ya mtendaji ambayo sikuifuta, na kwa hilo tu najisifu. Ilisema: "3 wake, 6 wa shemeji, ndama 2". Fomula yangu ilikuwa imefika kwenye nafasi ya kwanza ikakata, ikatupa ng'ombe sita kapuni. Na siyo kwake tu. Kijiji kizima kilikuwa hivyo. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena mpaka leo. Nikamwambia Bwana Salumu, "Kosa ni langu." Nilitaka anikaripie. Angenikaripia ningepumua.

"Najua," akasema. "Sasa wale sita wameandikwa wapi? Maana hakuna ng'ombe asiye na mwenyewe."

Bi Sechelela akanyanyua kichwa. "Shemeji yangu yuko kijiji cha juu, ng'ambo ya mbuga. Yeye amewahesabu wote ishirini, na hawa wakiwemo. Mwenyewe ni yeye."

Nikamtafuta shemeji kwenye orodha. Pale palikuwa na 20, namba tupu, imelala kulia, safi. Na kwake walikuwa wanalala kumi na wanne tu. Yaani chanjo ya hawa sita haikupotea, ilikuwepo kule kwa shemeji. Tulikuwa tumeipeleka kwa mwenye ng'ombe, wakati sindano inamfuata ng'ombe mwenyewe pale anapolala.

Kijiji cha juu alikuwepo Devota, afisa mwenzetu, anachanja siku hiyo hiyo. Na hapa ndipo moyo uliponienda mbio, kwa sababu chanjo ile ni unga. Ukishaichanganya na maji yake una saa chache tu, ikizidi unamwaga. Kama Devota ameshaichanganya chupa ya mwisho, hakuna kitu. Nikapiga simu, mtandao hakuna. Mzee mmoja akanionyesha jabali nyuma ya shule, akasema wote hupigia pale juu. Nilivua viatu nikapanda lile jiwe kwa magoti, na sketi yangu ya ofisi, watoto wa shule wakinishangilia kama nimefunga goli.

Simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena.

"Mama, niko kwenye kibanio," Devota akasema.

"Umebakiwa na chupa ngapi?"

"Moja. Ndiyo naitoa kwenye barafu niichanganye. Kuna zizi moja limebaki, ng'ombe wanne."

"Usiichanganye! Ile uliyonayo mkononi ina ngapi?"

Niliisikia pumzi yake akihesabu kwenye alama za sindano. "Saba," akasema. "Inatosha hao wanne. Lakini mama, orodha yako inasema bado wengi."

"Achana na orodha yangu. Funga hiyo chupa kwenye barafu uniletee huku."

Alikuja na pikipiki, kasha la barafu limefungwa kwa mipira nyuma yake, uso mwekundu kwa vumbi. Ilikuwa saa tisa kasoro. Muda wote huo Bi Sechelela hakuondoka. Ng'ombe wake walikuwa wamelala kwenye kivuli chembamba cha ukuta wa shule, naye anawafukuzia nzi kwa kitenge. Bwana Salumu akachanganya dawa polepole kama vile hakuna aliyemngoja, akachanja tisa. Ndama wawili akawaacha, walikuwa hawajafika umri, hawachanjwi. Hapo nikaona kwamba hata kama ningejumlisha kila namba iliyokuwa kwenye seli ile ningekosea vile vile. Tatu ilikuwa ndogo na kumi na moja ilikuwa kubwa. Jibu lilikuwa tisa, na tisa haikuandikwa popote.

Njiani kurudi tulivuka korongo. Bwana Salumu ndiye aliyeanza.

"Siku nyingine usiulize mtu ana ng'ombe wangapi. Uliza wanaolala kwake ni wangapi. Hilo hata wazee wasiopenda kuhesabiwa mali watakujibu."

Nikasema sawa. Kisha nikamuuliza kwa nini hakunikaripia.

"Ningekukaripia, nani angepanda lile jiwe? Mimi?"

Kesho yake nilivunja jedwali langu. Nikatengeneza safu nne: wake, wa kuwekewa, ni wa nani, ndama. Safu ya mtendaji, ile yenye maneno yake mwenyewe, nikaiacha mwanzoni nikaifunga isiguswe na mtu, na ninyi iacheni hivyo hivyo. Kila mkichomoa namba, chomoeni na lile neno lililosimama jirani yake, liwe kwenye safu ya pembeni mlione. Ninajua ni kazi mara mbili. Ukitumia FIND kutafuta "wa " badala ya kutafuta nafasi tupu, utafika pazuri zaidi, ingawa itakusumbua kidogo kwa wale wanaoandika "za". Sumbuka. Halafu fungua mistari kumi, soma kwa macho, na kama kuna simu, piga moja kwa mtendaji umuulize alikusudia nini. Watendaji hawang'ati.

Devota sasa ndiye mkuu wa kitengo, ninyi mnamwogopa, mimi namwona bado na kasha la barafu mgongoni. Bwana Salumu amerudi kwao Kondoa, ana duka la pembejeo, na nikimpigia bado ananiuliza habari za mahari ya binti wa Mzee Chibago. Kwa ujumla nilikuwa na kazi nzuri. Sikuwa tajiri, sikupanda cheo sana, macho yamechoka kidogo, lakini asubuhi nyingi niliamka nikiitamani meza yangu, na si watu wengi wanaoweza kusema hivyo.

Homa ilifika kile kijiji baada ya wiki tano. Baadhi ya mazizi yaliumia, hasa ya waliowaficha ng'ombe wao siku ya chanjo. Sisi tulikaa ofisini tunasubiri habari, na kila simu ya mtendaji ilipoita niliinyakua kabla haijaita mara ya pili. Kwa Bi Sechelela hakufa hata mmoja.

Masika yalipoisha mtendaji akaja mjini kwa shughuli zake, akaingia chumbani kwangu, kofia mkononi, akasema ametumwa.

"Kuna mama mmoja kule kwangu ana ujumbe. Shemeji yake alikuja kuwaangalia ng'ombe wake, akawakuta wote sita wamesimama. Akampa ndama jike. Sasa anasema, mwambie yule mama aliyepanda jiwe, pale aliponiandika watatu, aweke wanne."

Nikafungua jedwali, nikashuka mpaka mstari wake. Mtendaji alisimama nyuma yangu kuhakikisha, maana alikuwa ameambiwa ahakikishe. Nikafuta 3, nikaandika 4, kwa kidole changu, bila fomula yoyote. Kisha nikakaa naitazama ile namba muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mpaka mtendaji akaniuliza kama kompyuta imekwama.